Saa ya Zamu Kifuani mwa Mheshimiwa

Kuna nchi iko pale hasa ramani inapokunjwa, ndiyo maana wengi wenu hamjaiona. Inaitwa Jamhuri ya Heko. Ni nchi njema, haina shida, na kila shida yake ina kamati.

Uchovu haukujulikana Heko mpaka siku Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ponsiano Lugenda, alipokwenda kuchomwa sindano ya mafua. Nesi aliyemchoma, bomba bado liko mkononi, akapiga mwayo. Tena si mwayo wa adabu ule wa kufunika kiganja. Mwayo wa kuonyesha mpaka kimio! Mheshimiwa akarudi ofisini anachechemea, roho inamuuma kuliko paja.

Baraza la Mawaziri likakaa. Mmoja akasema huo ni uchochezi. Mwingine akasema ni mkono wa nje. Mwisho wakakubaliana kwamba nesi yule alikuwa amechoka, na kwamba uchovu huo umeingia nchini bila kibali.

Hapo ikazaliwa Kampeni ya Taifa ya Kutokomeza Uchovu kwa Watumishi wa Afya. Ikapata wimbo, ikapata fulana, ikapata magari yenye viyoyozi. Wauguzi wapya haikupata, maana ilielezwa wazi kwamba lengo ni kuondoa uchovu, si kuongeza idadi ya watu wa kuchoka.

*

Sasa twende Hospitali ya Kwamvule, Wodi ya Tatu, tumtazame Sista Domitila.

Sista Domitila alikuwa mwanamke mnene wa mifupa, wa sauti ya chini, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vilikatwa kwa nyuma vikageuka ndala. Kifuani alibandika saa. Saa hiyo ina habari yake. Watawa walioijenga hospitali ile waliacha desturi: kila wodi ina saa moja ya kubandika kifuani kwa pini, na anayeivaa ndiye mwenye wodi. Zamu ikiisha, anayetoka humbandika anayeingia mbele ya wagonjwa, huku akimtajia hali ya kila kitanda. Saa haiwekwi mezani, haitiwi mfukoni. Haikai bila kifua, kama vile wodi haikai bila mtu.

Wakati wodi ilipokuwa na manesi wengi, desturi ilikuwa tamu. Walibandikana wakicheka. Kisha wakapungua: mmoja akaolewa mbali, mmoja akaenda kuuza vitenge, wengine wakahamishiwa kwenye Kampeni kuimba ule wimbo. Wakabaki wawili, Domitila na Sista Adelina. Ndipo asubuhi moja Adelina, amebeba trei ya dawa, akasinzia huku anatembea, akashuka ngazi zote kwa kichwa. Hakuamka.

Wizara ilishtuka sana. Ikamtunuku Adelina cheti cha Mtumishi wa Kwanza Nchini Kuondokana Kabisa na Uchovu.

Tangu hapo saa ikabaki kifuani mwa Domitila. Hakuwa na wa kumbandika. Alilala kwa kuegemea kabati la dawa, dakika ya kuiba hapa, nyingine kule, na mara mbili alikwishajikuta amesimama juu ya ngazi zilezile, trei mkononi, bila kujua amefikaje. Alijua kinachomngoja. Alijua hata ngazi yenyewe.

Kwenye kitanda cha kwanza alilala Mzee Likongo, dereva mstaafu wa garimoshi, mapafu yameisha, anaishi kwa mtungi wa oksijeni na maneno ya utani.

"Mjukuu wangu," alikuwa akimwambia Domitila, "nipe mimi hiyo saa nikushikie zamu. Nimeendesha treni nzima watu wamelala, sembuse wodi?"

"Wewe mgonjwa, babu. Mgonjwa havai saa."

"Na wewe je? Ukijitazama kwenye kioo unamwona nani, mganga mkuu?"

Na kwenye kitanda cha dirishani alikuwepo mtoto Neli, mwenye donda la koo, ambaye hawezi kumeza asipoinuliwa kichwa kwa namna fulani, mkono chini ya kisogo, kidevu kikielekea dirishani. Akiinuliwa vibaya, maziwa hupita njia ya pumzi. Namna hiyo aliijua Domitila peke yake.

*

Kampeni haikumsahau. Ilimletea Afisa Ustawi.

Afisa Ustawi aliitwa Bwana Faraji, kijana wa manukato, aliyebeba faili na kioo. Kioo kilikuwa cha kuwaonyesha wauguzi tabasamu lao, ili wapime wenyewe.

"Sista, umecheka leo?"

"Nimemwosha maiti mmoja na kutundika dripu tano, baba."

"Sikuuliza kazi, nimeuliza kicheko. Vuta pumzi. Jione uko ufukweni."

Domitila akavuta pumzi, akafumba macho ajione ufukweni, akalala palepale amesimama. Faraji akaandika kwamba zoezi limefanikiwa. Kisha akamwamsha, ili amwalike kwenye semina ya lazima kuhusu umuhimu wa kulala.

Jambo kubwa lilikuwa Chumba cha Mapumziko. Kilijengwa mkabala na wodi, kikatiwa sofa nene la rangi ya maziwa, nailoni yake bado juu, na feni. Mlangoni kilivishwa utepe mwekundu. Hakuna ruhusa kuingia mpaka mgeni rasmi aje aukate. Domitila akipita na beseni, alikuwa akisimama kidogo kwenye kioo cha dirisha, akilitazama lile sofa kama mbwa anavyolitazama bucha.

Na kwa kuwa wauguzi wa hospitali nyingine walianza kutoroka, Mheshimiwa Waziri akaigeuza ile desturi ya watawa kuwa sheria. Kanuni ya Saa: mwenye saa kifuani haruhusiwi kuvuka geti la hospitali mpaka ambandike mtu mwingine kifuani. Akiivua akaitupa, jela. Mheshimiwa aliisoma redioni kwa sauti ya radi, akaongeza mwenyewe, nje ya karatasi, maneno yaliyompendeza mno: "Hata awe nani!"

Getini akawekwa Koplo Ndimbo, mgambo mwenye kichwa kidogo na utii mkubwa. Alikariri kanuni nzima kama sala. Kazi yake ikawa moja tu: kutazama vifua.

*

Siku ya ufunguzi ikafika. Maturubai, ngoma, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe. Wagonjwa wenye uwezo wa kukaa walikalishwa mstari wa mbele. Wasioweza waliegemezwa kwa wenye uwezo.

Mheshimiwa Lugenda alishuka garini akimeremeta. Ni vizuri ifahamike kwamba mtu huyu hakuwa mlevi, wala hakuwa mpenda wanawake. Udhaifu wake ulikuwa kubandikwa vitu kifuani. Alikuwa na nishani ya kilimo, nishani ya uokoaji wa majini ingawa hajui kuogelea, beji ya skauti, na medali ya mbio za magunia aliyoishinda darasa la tatu. Akikukaribia, kifua kililia kama punda wa kengele.

Alihutubia kwa kirefu. "Ndugu wananchi! Uchovu ni hali ya akili! Mimi mwenyewe hapa ninafanya kazi usiku na mchana, je, mmeniona nimechoka?"

"Hatujakuona!" umati ukajibu, kwa ukweli mtupu.

Kisha mshereheshaji akatangaza risala ya watumishi. Watumishi wakasimama. Walikuwa Domitila.

Aliingia jukwaani akiburuta zile ndala. Karatasi ya risala, ile aliyoandikiwa na Faraji, yenye shukrani za dhati, aliikunja akaitia mfukoni. Akamgeukia Mheshimiwa.

"Mgeni rasmi. Kitanda cha kwanza, Mzee Likongo, mapafu. Mtungi wake ukianza kupiga mluzi, ubadilishwe papo hapo, usingoje. Kitanda cha pili, Mama Zainabu, kidonda cha mgongo, ageuzwe mara kwa mara. Kitanda cha tatu..."

Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Risala gani hii, haina hata ombi moja! Mheshimiwa alikuwa akisoma simu yake chini ya meza, na kila jina likitajwa akisema, "Naam, naam, Serikali iko pamoja naye."

"Kitanda cha dirishani, Neli. Mkono chini ya kisogo, kidevu dirishani. Sikiliza hapo, Mheshimiwa. Kidevu dirishani."

"Naam. Dirisha. Tumelipokea."

Domitila akavuta pumzi. Akafungua pini.

"Hospitali yetu haina zawadi," akasema. "Ina kitu kimoja tu cha thamani, tumekirithi tangu watawa. Hubandikwa mtu mmoja tu kwa wakati. Mgeni rasmi, unapokea?"

Hapo simu ilianguka. Mheshimiwa alisimama na kifua kikamtangulia. Kwa upande wa kushoto, chini ya medali ya magunia, kulibaki nafasi ndogo ya kitambaa tupu, na nafasi ile ilikuwa ikimkosesha usingizi miaka.

"Napokea!" akanguruma. "Nabandikwa kwa niaba ya Taifa zima!"

Pini ikaingia. Ngoma zikarindima. Wapiga picha wakakanyagana. Mzee Likongo, amekalishwa mbele na mtungi wake, akaanza kucheka mpaka mluzi ukamtoka mwilini badala ya mtungini.

"Nenda, mjukuu wangu!" akapaza sauti. "Treni hiyo, ondoka nayo!"

Domitila alishuka jukwaani, akapita maturubai, akafika getini. Koplo Ndimbo akamtazama kifua. Kitupu.

"Pita, Sista. Uso wako umebadilika."

"Ni jua tu," akasema Domitila, na akavuka.

*

Msafara wa Mheshimiwa ulipofika getini, ving'ora vikilia, Koplo Ndimbo aliteremsha kizuizi.

"Toa hicho kigogo, mpumbavu wewe!" mlinzi mmoja akafoka. "Humjui huyu?"

"Namjua, afande. Ndiye aliyesema hata awe nani."

Dirisha likashuka. "Kijana, mimi ndiye niliyeitunga sheria hiyo."

"Na imetungwa vizuri sana, Mheshimiwa. Haina hata tundu."

Mheshimiwa, akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, akamgeukia dereva wake, pini mkononi. Dereva alichomoka kupitia dirishani. Katibu wake akakumbatia faili kifuani. Walinzi wakalala kifudifudi, wakieleza kwamba wamesikia risasi. Wacheza ngoma, waliokuwa vifua wazi tangu asubuhi, walijiona wenye bahati kwa mara ya kwanza maishani. Faraji alikwishapanda mti.

Akampigia simu Rais. Rais wa Heko alikuwa mtu mpole, na alikuwa akisikia kwa muda kwamba Lugenda anakitazama kiti chake kama vile Domitila alivyolitazama sofa.

"Ndugu Lugenda," Rais akasema, "sheria ni msumeno. Pole na kazi."

*

Basi Mheshimiwa akawa mwenye wodi. Kazi aliifanya kwa namna anayoijua. Mama Zainabu alipolia ageuzwe, aliundiwa kamati ndogo ya watu wawili, yeye mwenyewe na mgonjwa wa kitanda cha tatu aliyekuwa hajitambui. Dripu zilipokwisha aliziagiza zivumilie. Neli alipewa maziwa akiwa chali, akakabwa mpaka akawa wa buluu. Mzee Likongo ndiye aliyepiga kelele, "Kidevu dirishani, we baba! Dirishani!" na mtoto akarudi.

Siku zikamchakaza. Nishani zikawa nzito, akazivua moja moja akabaki na saa. Miguu ikavimba. Akamwita Faraji, ambaye alikuja amejifunga trei ya chakula kifuani kwa kamba.

"Nimechoka, Faraji. Nakufa."

"Uchovu ni hali ya akili, mzee. Umecheka leo?" Akamwonyesha kioo.

"Nifungulie kile chumba nilale kidogo tu!"

"Utepe haujakatwa, mzee. Siku ile uliondoka mapema. Na sasa wewe si mgeni rasmi tena, wewe ni mtumishi."

Mchana mmoja mtungi wa Mzee Likongo ukaanza kupiga mluzi.

"Mwanangu," mzee akasema, akihema, "mtungi. Ule mwingine uko pembeni. Geuza tu hicho kifunguo."

Mheshimiwa alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea kabati la dawa. Kinywa chake kikasema chenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi: "Suala lako liko katika hatua za mwisho."

"Hilo," mzee akasema, "ndilo neno la kwanza la kweli kutoka serikalini." Akacheka kidogo. Mluzi ukakoma, na yeye pia.

Mheshimiwa aliinuka. Alikitazama kifua cha mzee. Kilikuwa kipana, kimetulia, hakijifichi kwa faili wala trei. Akaikumbuka kanuni yake neno kwa neno. Kifua cha mtu mwingine. Hakuna mahali ilipotaja pumzi.

"Umekabidhi kwa nani?" Koplo Ndimbo akauliza getini.

"Mzee Likongo."

"Yuko kazini?"

"Hatoki hata hatua moja."

Koplo akachungulia dirishani, akaiona saa mahali pake. Akapiga saluti.

*

Hapo Heko ikapata maendeleo yasiyotarajiwa. Faraji alikwenda kumpima mtumishi mpya. Hakupiga mwayo. Hakuomba likizo. Presha haikupanda. Alipowekewa kioo, tabasamu lilikuwepo, maana mzee alikufa akicheka. Malalamiko, sifuri. Matokeo yakapelekwa Ikulu, na Rais, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo pale penye takwimu, akamrudisha Lugenda uwaziri siku hiyohiyo. Mzee Likongo akatangazwa Mtumishi Bora wa Afya wa Taifa. Cheti kikatundikwa juu ya kitanda chake, barafu ikawekwa chini yake, na hospitali nyingine zikaanza kuandika barua za kuomba watumishi wa aina ile.

Domitila alikuwa kwa dada yake, Generosa, amelala kama gogo tangu alipofika. Aliamka kwa njaa, akakuta redio inasema.

"...chini ya Mzee Likongo, Wodi ya Tatu imekuwa tulivu kuliko wakati wowote..."

Kijiko kikamwanguka. "Babu amekufa."

"Redio inasema amepandishwa cheo," dada yake akasema.

"Amekufa, Generosa. Na Neli atanyweshwa na nani?"

"Domitila, we! Ukivuka lile geti hutoki tena. Utashuka zile ngazi kama mwenzio, nami nitaletewa cheti. Nikakitie chumvi nile?"

Domitila alizitazama ndala zake mlangoni. Alikuwa amelala mara moja tu, na usingizi wenyewe ulikuwa mtamu kiasi cha kumtia woga.

"Hawezi kumeza asipoinuliwa," akasema, akavaa.

Getini, Koplo Ndimbo aliinua kizuizi bila swali.

"Hunikagui?"

"Kuingia hakuna sheria, Sista. Sheria ni kutoka."

Wodi ilikuwa tulivu kweli. Mama Zainabu hakuwa akilalamika tena, wala kitanda cha tatu. Dirishani, Neli alikuwa hai, midomo imepasuka, macho makubwa yamemkodolea mtumishi bora wa taifa. Domitila akamfumba mzee macho. Akaichomoa pini.

"Zamu nimeishika, babu," akasema. "Sasa lala."

Akajibandika. Kisha akaketi kwa Neli, mkono chini ya kisogo, kidevu dirishani, na maziwa yakapita njia yake, tone kwa tone, mtoto akimshika kidole.

Katikati ya kikombe, Domitila akapiga mwayo.

"Nimeona!" Faraji alikuwa mlangoni na kioo chake. "Sista, ndiyo kwanza umeingia, unaharibu takwimu? Mwenzio aliyekutangulia hakupiga mwayo hata mmoja!"

Domitila aliinua uso taratibu. Hakumtazama machoni. Alimtazama kifuani, akakitazama kwa muda, na mkono wake wa pili ukapanda kwenye pini.

Faraji alilibana faili lake kifuani kwa mikono miwili, akatoka kinyumenyume mpaka uwanjani.

Ukifika Heko leo, wakubwa utawatambua kwa hilo. Barabarani, ofisini, kanisani na msikitini, hutembea wamekumbatia mafaili vifuani, hawayaachii hata wakila. Wageni wakiwaona husifu sana. Husema hawajapata kuona nchi ambayo viongozi wake wana kazi nyingi kiasi hicho.